Utani wa Bwana Sabiri

Bwana Sabiri alikuwa mtu wa watu. Hilo alilisema mwenyewe, maana angesubiri mwingine aliseme angezeeka. Kila Jumatatu asubuhi alipanda juu ya kreti la chupa, kwa kuwa kimo chake hakikutosha kuonekana nyuma ya mapipa, akawaambia wafanyakazi, "Mimi ni mtu wa watu." Kisha alishuka, akaingia ofisini, akafunga mlango na kunywa chai peke yake.

Ghala lake la asali lilikuwa ng'ambo ya reli, pale Tabora mjini. Wanawake kumi na mmoja walifanya kazi humo. Walichuja asali iliyoletwa na warina kutoka misituni, wakayeyusha nta, wakajaza chupa na kubandika lebo zenye picha ya nyuki anayetabasamu. Tekla alikuwa kwenye vichujio. Miaka minne alisimama pale, na pua yake ilikwisha kujua pipa lipi limerinwa kwa moshi mwingi na lipi limeongezwa maji njiani na mjanja fulani, kabla hata kipimo hakijatumbukizwa. Bwana Sabiri mwenyewe hakuweza kutofautisha asali na sukari guru, ila alikuwa na kadi za biashara zilizoandikwa "Mtaalamu wa Asali" kwa wino wa dhahabu.

Kwao ni Handeni, na alikuwa Mzigua. Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Utani huo ni wa tangu misafara ilipokuwa ikipita hapa na mizigo vichwani kuelekea pwani, na una adabu zake: mtani anaweza kukunyang'anya kofia, kukuita mtumwa wake, kuja msibani kwako na kumwigiza marehemu, na wewe huna ruhusa ya kununa. Kesho ni zamu yako. Watu wenye akili wameutumia kufuta machozi. Bwana Sabiri aliutumia kama wengine wanavyotumia kibali cha kuegesha gari mahali pasiporuhusiwa.

"Haya wapagazi," alikuwa akisema madumu yakichelewa kupakiwa. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka baharini, nyie mnashindwa na lita ishirini?"

Wanawake walicheka. Mwanzoni walimrudishia. Bi Maua, mkuu wao, mwanamke wa mjini Tabora ambaye bibi yake na bibi ya bibi yake walizaliwa mtaa uleule wa Gongoni, alimwambia siku moja kwamba Wazigua hawakubeba pembe kwa sababu hakuna mwenye mali aliyewaamini nazo. Bwana Sabiri hakucheka. Jioni ile Bi Maua alibakizwa kufagia stoo. Tangu siku hiyo utani ukawa wa upande mmoja, na utani wa upande mmoja watu wa Tabora wana jina jingine la kuuita, ila hawakulitamka mbele yake kwa sababu yeye ndiye aliyeshika funguo za lango.

Desemba, asali ilipokwisha ghalani, aliwapunguza wote kumi na mmoja. Aliandika barua moja tu. Akaitoa nakala kumi na moja, na pale penye nafasi ya jina akajaza kwa kalamu. "Kwa masikitiko makubwa," ilianza, na masikitiko yenyewe yalikuwa yamefifia kidogo upande wa kushoto, mahali mashine ilipokosa wino, sawasawa katika barua zote. Sababu ilikuwa moja: upungufu wa malighafi. Mwisho aliahidi kwamba msimu ukifunguka watafikiriwa.

Tekla alikuwa na mimba ya miezi minane. Alijifungua Januari, mtoto wa kike, wakamwita Magreth. Mumewe Wilbroad, fundi ujenzi, alikuwa na nyumba ndogo kwao Kwihara, jirani na lile tembe la zamani ambalo wageni huja kulipiga picha, na huko ndiko walikokuwa wakiishi. Miezi mitano Tekla alinyonyesha, akalima karanga mtoto akiwa mgongoni, na siku tatu kwa wiki alipanda baiskeli alasiri kwenda mjini kwenye madarasa ya jioni. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa maarifa. Alitaka afike kidato cha nne, halafu asomee ukaguzi wa vyakula, avae koti jeupe, apime asali kwa kipimo na kwa pua, na asipatikane mtu wa kumwambia kwamba pua si cheti. Ada ya masomo ilikuwa imetoka kwenye vichujio vya Bwana Sabiri. Bila vichujio, muhula ujao hapangekuwa na masomo. Ilikuwa hesabu fupi hivyo.

Juni msimu ukafunguka. Siku ya tatu ya mwezi, karatasi ilibandikwa langoni ikiwa na majina ya wanaorudi. Tekla aliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kana kwamba jina lake lingeweza kuwa limejificha kwa kuingilia mlango wa nyuma. Majina yalikuwa tisa. Halikuwamo lake, wala la Julieth, mwenzake wa kwenye chupa, aliyekuwa na mimba ya miezi sita.

Alikwenda ofisini. Bwana Sabiri alikuwa akichokonoa sikio kwa ufunguo wa gari.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Ehe."

"Nimeona orodha langoni. Nimedhani labda jina langu limesahaulika."

"Halijasahaulika. Nafasi zimejaa." Aliutazama ufunguo, akaridhika na alichokiona, akaufuta kwenye soksi. "Nenda ukalee, mama. Kulea nayo ni kazi."

"Kwenye barua ulisema tutafikiriwa."

"Nimekufikiria," alisema Bwana Sabiri. "Nimemaliza kukufikiria. Funga mlango, nzi wanaingia."

Julieth hakutaka kusikia habari za kwenda kuuliza. Alifunga kanga zake akarudi kwa mama yake kule Ziba. Kabla hajaondoka alimpa Tekla barua yake ya Desemba. "Kama utahitaji cha kuwashia moto," alisema.

Wiki moja baadaye Mzee Lukumani, mlinzi wa ghala, alifariki. Alikuwa jirani yao Kwihara, mzee wa Kinyamwezi aliyelinda lango la Bwana Sabiri miaka tisa kwa rungu na tochi isiyowaka. Siku ya tatu ya msiba Tekla alikuwa uani na Bi Maua na wanawake wengine akisonga ugali, Magreth mgongoni, gari la Bwana Sabiri lilipoingia.

Alifanya ya mtani, na tuseme kweli, hayo aliyajua. Alivaa koti la marehemu, akakaa kwenye kigoda chake, akalaza kichwa begani na kukoroma, rungu mkononi. Halafu akashtuka: "Nani hapo? Kama ni mwizi, tafadhali njoo kesho, leo nimechoka." Wajane walicheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu Mzee Lukumani alilala hivyohivyo. Hata mtoto wake mkubwa, aliyekuwa hajazungumza tangu mazishi, aliinamisha kichwa na mabega yakatikisika. Laiti Bwana Sabiri angeishia hapo, siku ile angehesabiwa kuwa mtu mwema, na ingekuwa mara ya kwanza.

Lakini kicheko kwa mtu wa namna ile ni kama pombe. Alizungusha macho akitafuta kingine, yakamwangukia Tekla.

"Na huyu mpagazi," alisema, "mwenye mzigo mgongoni. Mnajua kwa nini sikumwita kazini? Nimewaita tisa, wawili nimewaacha. Huyu na yule mwenye tumbo. Ghala langu si kliniki. Mwenye kichanga nikimweka kwenye vichujio, nusu ya asali atamlambisha mtoto, na nusu nyingine itanuka maziwa." Akageukia watu. "Nani atanunua asali inayonuka maziwa?"

Watu walicheka. Walikuwa bado na kile kicheko cha kwanza mdomoni, kikatoka chenyewe. Tekla naye alicheka. Jambo hilo ndilo lililomkaa rohoni baadaye kuliko maneno yenyewe: kwamba mwiko ulikuwa mkononi, mtoto alikuwa akipumua shingoni mwake, na yeye alicheka pamoja nao ili asionekane amenuna.

Ijumaa iliyofuata kule darasani walikuwa kwenye somo la uraia. Mwalimu Festo, kijana mwenye shati moja la kijani ambalo wanafunzi walilizoea kama bendera, alikuwa akieleza haki za wafanyakazi kwa sauti ya mtu anayejua kwamba nusu ya darasa imesinzia. Tekla alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mtu akipunguzwa kazi na wenzake, halafu wenzake wakaitwa, yeye akaachwa. Hiyo ni sheria au ni bahati yake?"

Mwalimu Festo aliweka chaki chini. Kipindi kilipokwisha alimletea kijitabu cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kimechakaa, kimeshonwa kwa uzi wa gunia, akamfungulia kifungu cha thelathini na sita. Tekla alisoma kidole kikitembea chini ya mstari. Sheria ilisema kwamba kuachishwa kazi si mpaka ufukuzwe. Mwajiri akiwaachisha wafanyakazi kadhaa kwa sababu moja, au sababu zinazofanana, kisha akawaita tena baadhi yao, basi yule asiyeitwa anahesabiwa kuwa ameachishwa kazi. Na mwajiri atatakiwa kuonyesha kwamba ana sababu ya haki.

"Kwa hiyo hawezi kusema tu nafasi zimejaa," alisema Tekla.

"Kusema anaweza. Ila si neno la mwisho. Ataulizwa: zimejaaje, na kwa nini wewe." Mwalimu alifunua kurasa. "Ukiwa umeachwa kwa sababu ya kuzaa, hapo amejikaanga mwenyewe. Lakini una siku thelathini za kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Orodha ilibandikwa lini?"

"Tarehe tatu."

Mwalimu alihesabu kimya kwa vidole. "Unazo kumi na moja. Una ushahidi kwamba ni kwa ajili ya mtoto?"

Tekla alikuwa nao. Watu arobaini walisikia. Tatizo ni kwamba walisikia wakiwa wanacheka.

Kesho yake alikwenda Gongoni kwa Bi Maua. Alimkuta barazani anachambua mchele, miwani puani.

"Shikamoo, Bi Maua."

"Marahaba, mwanangu. Nipe mtoto hapa. Huyu ndiye anayenuka maziwa?" Bi Maua alimnusa Magreth kichwani. "Ananuka sabuni. Yule baradhuli hana hata pua."

Tekla alimweleza yote: sheria, siku, Tume. Bi Maua alisikiliza, mchele ukipita vidoleni. Alipoambiwa kwamba anatakiwa kwenda kusema alichokisikia Kwihara, vidole vikasimama.

"Hapo utanisamehe," alisema. "Si kwamba namwogopa. Nimemaliza kumwogopa Sabiri siku niliyomwona anapanda kreti. Lakini yale yalisemwa kwenye utani, na tena msibani. Maneno ya utani hayapelekwi barazani, Tekla. Nikiyapeleka mimi, kesho hakuna msiba utakaochekwa Tabora hii. Mzigua kamtania Mnyamwezi. Kavuka mpaka, sawa, ni mjinga. Lakini mtani hashtakiwi. Hilo silifanyi hata kwa ajili yako."

Kulikuwa na jambo ambalo kwa miaka sita mjini Tekla hakuwahi kulisema kwa mtu isipokuwa Wilbroad. Mtu akimuuliza kwao, alijibu "Kwihara," na haukuwa uongo, ndiko alikoolewa. Alisalimia kwa Kinyamwezi, "mwangaluka", asubuhi kama wenzake. Aliwahi kusikia, akiwa bado binti, neno wanaloitwa watu wa kwao sokoni mizani inapogombaniwa, na aliamua kwamba binti yake hatalisikia.

"Bi Maua," alisema, "mimi si Mnyamwezi."

Bi Maua aliinua miwani.

"Mume wangu ndiye Mnyamwezi. Mimi nimezaliwa Ulyankulu. Babu yangu alitoka Burundi mwaka sabini na mbili, kwa miguu, na baba na mama yangu walizaliwa kwenye makazi. Tumepewa uraia, karatasi ninazo. Lakini kabila letu ni Warundi."

Magreth alishika pindo la ushungi wa Bi Maua akalitia mdomoni. Tekla alisubiri lile neno. Alikuwa amejiandaa kulipokea, hata alikwisha panga kutolia.

"Labda wengine watasema utani nimeupata kwa kuolewa," aliongeza.

"Utani unafuata baba," alisema Bi Maua, kwa sauti ya mtu anayefikiria jambo jingine. "Haufuati kitanda." Aliweka ungo chini taratibu. "Wazigua na Warundi. Walikutana wapi hao? Hawajawahi kukutana. Hawakupigana, hawakuoana, hawakuzikana." Akaanza kutikisika mabega, akavua miwani akaifuta. "Kumbe yule hakutania. Muda wote ule, pale mbele ya wafiwa, na koti la marehemu mwilini. Alikuwa anamtukana mke wa mtu."

"Kwa hiyo utakuja?"

"Mwanangu, nitavaa baibui langu la Idi."

Wilbroad ndiye aliyesita. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, na jioni ile alikaa muda mrefu akimwangalia mkewe akijaza fomu ya Tume mezani, mtoto amelala mapajani.

"Ukishasema kule, mama Magreth, mji mzima utajua."

"Najua."

"Wataanza na wewe, watamalizia kwa huyu."

Tekla aliendelea kuandika. Fomu ilitaka ajaze matokeo anayoyataka. Aliandika: Kurudishwa kazini. Mtoto alijinyonganyonga, akambembeleza kwa maneno aliyobembelezewa yeye na nyanya yake, maneno ambayo kwa kawaida aliyasema chinichini mlango ukiwa umefungwa. "Hora, hora, mwana wanje." Safari hii hakushusha sauti, na dirisha lilikuwa wazi.

Aliiwasilisha fomu zikiwa zimebaki siku saba.

Siku ya usuluhishi Bwana Sabiri alifika na mkoba wa ngozi uliokuwa na gazeti na chupa moja ya asali. Chupa aliiweka mezani mbele ya msuluhishi, Bwana Masolwa, Msukuma mnene mwenye sauti ya kulaza watoto.

"Zawadi ndogo ya Tabora," alisema Bwana Sabiri.

"Mimi naishi Tabora," alisema Bwana Masolwa, akaisogeza chupa mpaka upande wa mwenye nayo. "Karibuni. Mimi hapa sitoi hukumu. Nimewekwa ili mkubaliane. Mkishindwa, shauri litakwenda kwa mwamuzi, na huko, Bwana Sabiri, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba ulitenda haki, si huyu mama. Tuelewane hapo kwanza. Desemba uliwapunguza wangapi?"

"Wachache."

"Kumi na mmoja," alisema Tekla.

"Kwa sababu gani?"

"Kila mmoja alikuwa na sababu yake," alisema Bwana Sabiri, akakunja mguu. "Mimi huangalia mtu mmojammoja. Mimi ni mtu wa watu."

Tekla alifungua bahasha. Alitoa barua yake na ya Julieth, akaziweka pamoja mezani. Bwana Masolwa alizitazama, kisha akazibeba zote mbili na kuziinua kwenye mwanga wa dirisha, moja juu ya nyingine. Masikitiko ya kwanza yalilala juu ya masikitiko ya pili bila kuzidi herufi. Hata pale palipofifia palikutana.

"Mtu mmojammoja," alisema Bwana Masolwa.

Bwana Sabiri alikohoa.

"Basi sababu ilikuwa moja, na tisa umewarudisha. Hawa wawili walikuwa na kosa gani? Hawajui kazi?"

"Nafasi zilijaa."

"Ndiyo, lakini zilijaa kwa mpango gani? Ulianza na waliotangulia kuajiriwa? Ulianza na wenye ujuzi?"

"Huyu kwa ujuzi anawashinda wote tisa, na mimi nikiwemo," alisema Bi Maua kutoka kwenye benchi. Baibui lake lilikuwa jeusi linalong'aa, na udi ulikuwa umeijaza ofisi. "Sababu aliisema mwenyewe Kwihara, msibani kwa Mzee Lukumani, nami nilikuwa mbali naye kama nilivyo mbali na wewe. Alisema wawili amewaacha kwa sababu mmoja ana kichanga na mwingine ana mimba. Kwamba ghala lake si kliniki, na asali itanuka maziwa."

Bwana Sabiri alifungua mikono, akatabasamu kama yule nyuki wa kwenye lebo. "Bi Maua, Bi Maua. Mzee mzima. Ule ulikuwa utani." Akamgeukia msuluhishi kwa sauti ya mwanamume anayeongea na mwanamume. "Wewe ni mtu wa huku, unaelewa. Mimi Mzigua, huyu Mnyamwezi. Tangu babu zetu. Tukianza kushtakiana kwa utani, ndugu yangu, si tutajaza magereza?"

Bwana Masolwa alisita. Tekla aliona namna kalamu ilivyoinuka kutoka kwenye karatasi. Yeye naye alikuwa na watani wake, na bila shaka kuna siku walimtoa machozi kwa kicheko kwenye msiba wa mtu aliyempenda.

"Utani ni jambo kubwa," alisema polepole. "Mama Tekla, una la kusema?"

Tekla alitoa karatasi ya tatu. Alikuwa ameishika tangu nyumbani na pembe zake zilikuwa zimelowa jasho. Ilikuwa nakala ya hati ya uraia ya wazazi wake, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

"Mimi si Mnyamwezi," alisema. "Ni Mrundi wa Ulyankulu. Nakala kama hii iko kwenye faili langu ofisini kwake tangu siku aliyoniajiri. Sisi na Wazigua hatuna utani, wala hatujawahi kuwa nao. Kwa hiyo alichosema siku ile, kama hakikuwa utani, naomba aniambie kilikuwa nini."

Bwana Sabiri aliichukua karatasi. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. Miaka minne ilikuwa ndani ya kabati lililo mgongoni kwake, na hakuwahi kuifungua, maana mtu wa watu hana haja ya kujua watu wanatoka wapi. Uso wake ulipita hatua mbalimbali, na yoyote kati ya hizo ingeweza kumwokoa kama angekaa kimya.

"Kumbe mkimbizi," alisema.

Lile neno lilikuwa limetoka, lile ambalo Tekla alilikimbia miaka sita, na ajabu ni kwamba lilipotua mezani lilikuwa dogo, lina harufu ya mdomo wa Bwana Sabiri tu. Alimtazama yule mtu na mkoba wake wa gazeti, na kwa mara ya kwanza hakumwogopa wala hakumchukia. Alimwona jinsi alivyo: mtu mzima aliyeishi maisha yake yote juu ya kreti.

Kalamu ya Bwana Masolwa ilishuka. Aliandika kwa muda mrefu kuliko neno moja linavyohitaji.

"Raia," alisema bila kuinua kichwa. "Hati hii inasema raia. Sasa nikueleze tulipofika. Umewaachisha watu kwa sababu moja, umewarudisha tisa, umewaacha wawili, na mpango wa kuwachagua huna. Ulichobaki nacho ni maneno ya Kwihara, na ulisema ni utani, na utani haupo. Kwa mwamuzi kuna watu arobaini wanaoweza kuitwa. Wajane wa Mzee Lukumani nao wataitwa waeleze ulichokuwa ukikifanya na koti la mume wao. Unataka twende huko?"

Bwana Sabiri alitazama chupa yake ya asali. Labda aliwaona wale wajane. Labda alizikumbuka zile kadi za dhahabu. "Mimi nilikuwa tayari kumrudisha siku nyingi," alisema. "Angeniambia tu vizuri."

"Na Julieth," alisema Tekla.

"Julieth hakuleta lalamiko."

"Na Julieth," alisema tena. "Akishajifungua na kumaliza likizo yake. Iandikwe humohumo."

Bwana Masolwa alimtazama mwenye ghala, akamwonyesha kwa kalamu mahali pa kutia sahihi. Bwana Sabiri alitia. Mkono wake, ambao Desemba ulijaza majina kumi na moja bila kuchoka, ulichukua muda mrefu kumaliza moja.

Nje, Bi Maua alifunga vizuri ushungi wake. "Sasa kesho mtaani watakuita hilo jina," alisema. "Nakwambia mapema."

"Wataniita nikiwa kazini," alisema Tekla.

"Hilo nalo neno. Nipe mtoto hapa, umembeba tangu asubuhi."

Jumatatu alirudi kwenye vichujio. Saa nne dada wa Wilbroad alimleta Magreth langoni, na Tekla aliosha mikono, akavua aproni, akaenda kukaa kwenye kigoda ambacho Mzee Lukumani alikiacha pale, akanyonyesha. Hilo nalo alilisoma kwenye kijitabu: anayenyonyesha anaruhusiwa muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Kitabu cha maarifa kilikuwa wazi gotini, sura ya vipimo.

Bwana Sabiri alipita akielekea garini. Wafanyakazi walikuwa wakimwangalia, na hakuwa na kreti karibu. Alitafuta la kusema, akachukua lile lililokuwa juu mfukoni.

"Haya mpagazi," alisema akichekacheka. "Umetua mzigo?"

Tekla alimgeuza mtoto titi la pili. Alifunua ukurasa.

"Bwana Sabiri," alisema, "mimi na wewe hatuna utani."

Bwana Sabiri alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, halafu akakumbuka na kwenda. Ndani ya ghala wanawake walisikika wakicheka, na Bi Maua aliwaambia wanyamaze, mtoto ananyonya.